Bima imetuletea laki sita na mume wangu hatembei tena. Tutie sahihi?

SWALI

Mshauri, pokea salamu kutoka Voi.

Mume wangu ana miaka 34, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Tarehe 14 Februari 2025 alikuwa abiria wa matatu akitoka Mombasa. Walipopita Taru, lori la trela lililokuwa nyuma yao lilishindwa kusimama, likawagonga na matatu ikapinduka. Mgongo ulivunjika. Kwenye karatasi daktari ameandika T12 na L1, ndizo pingili za mgongo zilizovunjika. Alifanyiwa upasuaji akawekwa vyuma, sasa yuko nyumbani kwenye kiti cha magurudumu. Kuanzia kiunoni kwenda chini hana hisia, na mkojo unatoka kwa mpira aliowekewa.

Dereva wa lori ameshtakiwa na kesi ya trafiki inaendelea. Mwenye lori alikuja hospitalini, akatoa shilingi 80,000 na shemeji yangu akatia sahihi karatasi ambayo hakuisoma vizuri. Kijana mwingine alitupata wodini akiwa na fomu za wakili, mume wangu akaweka kidole. Tangu siku hiyo kijana huyo hapokei simu.

Juzi kaja mtu wa bima ya lori na hati ya shilingi 600,000, “malipo kamili na ya mwisho”. Anasema tukikataa kesi itakaa miaka kumi, na kwamba mwenye makosa ni dereva wa matatu aliyefunga breki ghafla. Tuna watoto wawili na deni la hospitali, na jamaa wanasema bora hicho kidogo kilicho mkononi. Tufanyeje?

Jambo dogo pia: kwenye tako lake la kulia pametokea alama iliyokoza kama chubuko. Haimuumi.

Mke wa fundi, Voi

JIBU

Dada, poleni sana. Naanza na hilo uliloliita dogo, kwa sababu haliwezi kungoja wakili.

Alama hiyo haimuumi kwa kuwa hana hisia hapo, si kwa kuwa haina neno. Ibonyeze kwa kidole, kisha ilinganishe na tako la kushoto. Ikiwa rangi haibadiliki ukibonyeza, au ngozi ni ya moto kuliko upande wa pili, au imekuwa ngumu au tepetepe, hicho ni kidonda cha kulalia kinachoanza, na mara nyingi ndani huwa kimeshaenea kuliko kinavyoonekana juu. Asilikalie tako hilo mpaka ngozi irudi kawaida. Kitandani mgeuzeni kila saa mbili, usiku pia. Akirudi kwenye kiti, kila baada ya dakika 15 hadi 30 ajiinue kwa mikono au ainame mbele hadi kifua kikaribie magoti, akae hivyo dakika mbili. Blanketi lililokunjwa si mto wa kiti. Ngozi ikipasuka, au pakitoka harufu, au akipata homa, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Kidonda kikifika kwenye mfupa huchukua miezi kupona, na wengine huwaua. Kipige picha kila wiki na uhakikishe kimeandikwa kwenye kadi ya kliniki, maana baadaye ni sehemu ya madai.

Hati ya laki sita msitie sahihi. Maneno “kamili na ya mwisho” yana maana yake: mkishapokea, dereva, mwenye lori na bima wote wameachiliwa, hata mumeo akihitaji upasuaji mwingine mwakani. Na anayepaswa kutia sahihi ni yeye mwenyewe. Ana akili timamu, kwa hiyo si wewe wala shemeji mnaoweza kumfungia madai yake. Msigombane na mtu wa bima. Mjibuni kwa barua fupi kwamba ripoti ya mwisho ya daktari bado haijatoka na pendekezo lake mnalipeleka kwa wakili. Wekeni nakala.

Kwa nini laki sita ni ndogo? Chukua kitu kimoja tu, mipira ya mkojo. Mgonjwa ambaye mikono yake ni mizima, kama mumeo, kwa kawaida hufundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba kila baada ya saa nne hadi sita, kwa sababu mpira unaokaa ndani muda wote huleta maambukizi. (Muulizeni daktari kwa nini bado hajafundishwa.) Akitumia mitano kwa siku ni 150 kwa mwezi. Tuseme mmoja ni shilingi 50: hizo ni 7,500 kwa mwezi, 90,000 kwa mwaka, milioni 1.8 kwa miaka 20. Mipira pekee imeshameza laki sita mara tatu, na bado hatujagusa nepi, dawa, mazoezi ya viungo, mto wa kiti unaobadilishwa kila mwaka mmoja au miwili, kiti chenyewe kila miaka mitatu hadi mitano, choo cha kukalia, na mlango wa kupanuliwa upite kiti. Njia ya mteremko ya mlangoni huhitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Kizingiti cha sentimita 30 kinataka mteremko wa mita 3.6, na fundi wa saruji hafanyi bure.

Hapa ndipo kesi nyingi za uti wa mgongo hupoteza pesa. Gharama za matibabu ya baadaye lazima zitajwe wazi kwenye hati ya madai. Mahakama ya Rufani imeshasema hivyo. Wakili akiandika tu “fidia ya jumla na gharama za kesi”, hakimu hata akikuoneeni huruma hawezi kuwapa kile ambacho hamkuomba. Kwa hiyo kabla ya kesi kufunguliwa, isome hati hiyo na utafute mistari hii: matibabu ya baadaye, msaidizi wa nyumbani, vifaa, marekebisho ya nyumba, na mapato yaliyopotea. Kazi unayoifanya wewe ya kumgeuza, kumwosha na kumbeba pia ina thamani. Iombwe kama mshahara wa msaidizi, kwa sababu siku ukiugua wewe lazima mtu alipwe aifanye.

Mapato hupigiwa hesabu hivi. Tuseme alikuwa anabaki na 30,000 kwa mwezi. Angefanya kazi hadi 60, yaani miaka 26, lakini mahakama hupunguza kwa kuwa pesa zinalipwa kwa mkupuo na maisha yana mengi. Tuseme imechukua miaka 18: 30,000 mara 12 mara 18 ni 6,480,000. Mtu akiwaambia lazima mkate theluthi moja, amechanganya na kesi za marehemu. Huko ndiko hukatwa sehemu ambayo marehemu angeitumia mwenyewe. Mumeo yu hai na bado anakula.

Fundi hana hati ya mshahara, na hilo halimfungi. Mahakama zimekubali kwamba mapato yanaweza kuthibitishwa kwa njia nyingine. Chukueni taarifa ya M-Pesa ya miezi 12 kabla ya ajali, kitabu chake cha oda, risiti za kununulia vyuma na vijiti vya kuchomelea, leseni ya kaunti kama alikuwa nayo, na wateja wawili watatu walio tayari kuandika walimlipa nini kwa kazi gani. Kinachotoka kwenye simu au kompyuta, picha zikiwemo, huhitaji cheti cha ushahidi wa kielektroniki. Mkumbusheni wakili, wengi hukikumbuka wakati upande wa pili umeshapinga.

Gharama zilizokwisha kutumika zina sheria kali zaidi: lazima zitajwe shilingi kwa shilingi na zithibitishwe kwa risiti. Ankara ya hospitali inaonyesha mnadaiwa. Risiti ndiyo inayoonyesha mmelipa, na ankara peke yake huleta ubishi. Kuna jambo moja linaumiza watu sana. Risiti za duka la dawa na za hospitali nyingi huchapwa kwenye ile karatasi laini ya kung'aa, na maandishi yake hufifia. Ikikaa kwenye mkoba wa plastiki ndani ya nyumba yenye joto la Voi, kesi inapofika mnaitoa karatasi nyeupe. Toeni nakala zote wiki hii, andikeni tarehe nyuma, na asili zikae kwenye bahasha mahali penye ubaridi. Nauli ya kwenda kliniki pia ni gharama. Mwenye teksi awaandikie risiti kila safari.

Sasa huo “ukomo” wa bima ambao huyo bwana hakuutaja. Sheria ya bima ya magari kwa watu wengine, Sura ya 405, inaifanya kampuni ya bima ilazimike kulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kwa hiyo laki sita hata theluthi haijafika. Ni moja ya tano. Na kikomo hicho ni cha bima, si cha mwenye lori. Mahakama ikitoa milioni 12, bima inatoa tatu na tisa zinabaki kwa aliyesajiliwa kama mwenye gari. Ndiyo maana kwenye kesi kama hii kumjua mwenye lori vizuri ni nusu ya kazi.

Angalia nambari mbili, si moja. Kichwa cha lori kina namba yake na trela ina yake inayoanza na Z, na vinaweza kuwa vya watu tofauti vyenye bima tofauti. Abstrakti ya polisi (muhtasari wao wa ajali) mara nyingi huandika ya kichwa tu. Rudini kituoni na nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), muombe zote mbili ziandikwe, pamoja na nambari ya cheti cha bima na tarehe yake ya kuisha. Kisha wakili achukue nakala ya rekodi kutoka NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) inayoonyesha mwenye gari siku ya ajali, maana malori huuzwa, na mengine huuzwa haraka baada ya ajali. Jina la benki likiwemo kwa sababu ya mkopo, benki kwa kawaida haibebi makosa ya dereva. Mwenye lori akiwa kampuni, pateni pia taarifa zake kwenye msajili wa kampuni kupitia eCitizen. Kama namba ilikuwa ya Uganda au Rwanda, ulizeni Kadi ya Njano ya COMESA, ndiyo bima inayovuka mpaka.

Kuhusu nani mwenye makosa, mumeo alikuwa abiria. Hakushika usukani wa gari lolote, na dereva anayegonga gari la mbele ana kazi ngumu ya kueleza kwa nini hakuacha nafasi. Hata hivyo msimshtaki mmoja mkamwacha mwingine. Mkishtaki lori peke yake na mahakama ikaona matatu ilichangia, sehemu ya matatu haina mtu wa kuwalipa. Shtakini dereva na mwenye lori pamoja na dereva na mwenye matatu, wagawane lawama wenyewe. Mtaulizwa kuhusu mkanda. Kama alikuwa ameufunga aseme ndiyo, na kama kiti hakikuwa na mkanda unaofanya kazi aseme hivyo, kosa hilo ni la mwenye matatu.

Ushahidi wa lori una maisha mafupi. Likitoka Mombasa kwenda juu lazima lilipita mizani ya Mariakani, na rekodi ya pale ina saa na uzito wa kila ekseli. Lori lililozidisha mzigo halisimami pale dereva anapotaka, na breki zilizochoka kwenye trela husukuma kichwa mbele. Wakili aandike mapema kwa KeNHA (mamlaka ya barabara kuu) kuomba rekodi hiyo, kwa mwenye lori kumtaka asifute data ya kifaa cha kufuatilia gari, na kama mzigo ulikuwa wa kupita kwenda nchi jirani, kwa KRA (mamlaka ya mapato) ambao hufunga lakiri ya kielektroniki. Ripoti ya ukaguzi wa gari baada ya ajali ni muhimu kuliko zote: inaonyesha kama breki na kidhibiti mwendo vilikuwa vizima kabla ya kugonga. Malori mazito sheria inayafungia kilomita 80 kwa saa.

Kesi ya trafiki ifuatilieni. Andika nambari yake na mtu wenu ahudhurie kila tarehe. Dereva akipatikana na hatia na rufaa ikaisha, Sheria ya Ushahidi inaifanya hukumu hiyo ushahidi usiopingika kwamba alitenda kosa hilo. Akiachiliwa msikate tamaa, kipimo cha kesi ya madai ni chepesi zaidi.

Zile 80,000 na karatasi ya shemeji hazifungi madai ya mumeo, maana si yeye aliyetia sahihi. Mwonyesheni wakili nakala. Mtatakiwa kuzitaja, na huenda zikakatwa kwenye hesabu ya mwisho.

Ripoti ya daktari msiikimbilie wala msiicheleweshe. Uti wa mgongo hurudisha kile utakachorudisha zaidi katika mwaka wa kwanza. Ripoti ya mwezi wa pili ni ya kukisia. Tafuteni daktari bingwa wa mifupa au wa mishipa ya fahamu atakayempima mwenyewe, si kuandika kutoka kwenye makaratasi. Ripoti nzuri hutaja pingili, daraja la ASIA, kipimo cha ukubwa wa jeraha la uti wa mgongo, kutoka A hadi E (A ni kukatika kabisa kwa hisia na nguvu), hali ya mkojo, haja kubwa na tendo la ndoa, asilimia ya ulemavu wa kudumu, na orodha ya mahitaji yenye bei na mara ngapi kwa mwaka. Hilo la ndoa watu huona haya kulisema, na daktari asiposema hakimu hatalijua. Hospitalini ombeni muhtasari wa kuruhusiwa, maelezo ya upasuaji, na picha za CT au MRI kwenye diski. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mgonjwa haki ya kupata taarifa zake. Bima nao watamtaka apimwe na daktari wao. Aende, nawe uwepo chumbani.

Sasa yule kijana wa wodini. Ni dalali wa kesi, na wakili anayewatuma wa namna hiyo anavunja sheria ya mawakili. Fanyeni haraka kujua kama kuna kesi imeshafunguliwa kwa jina la mumeo. Ulizeni sajili za mahakama za Voi na Mariakani, na wakili mpya atafute kwenye mfumo wa mtandaoni. Kesi mbili za ajali moja ni balaa. Ikiwa ipo, mumeo ana haki ya kubadilisha wakili kwa notisi, na yule wa kwanza atadai tu malipo ya kazi aliyoifanya. Wakili mpya mhakikisheni kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili kwamba ana cheti cha mwaka huu. Akiwaambia “nitachukua theluthi tukishinda”, jueni makubaliano ya namna hiyo hayana nguvu kisheria Kenya. Ada iandikwe na mpewe nakala. Kama hata ada ya kufungulia kesi hamna, Agizo la 33 (Order 33) la Kanuni za Mashauri ya Madai linaruhusu maskini kuomba afungue bila kulipa, na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ipo kwa ajili ya watu kama ninyi.

Tarehe ya kuzungushia duara ni 13 Februari 2028. Kesi ya madai ya ajali hufunguliwa ndani ya miaka mitatu, na mazungumzo na bima hayasimamishi saa. Kuna bima hupiga gumzo tamu hadi mwaka wa tatu unaisha. Barua ya madai na notisi ya kisheria ziende kwa bima kabla ya kesi kufunguliwa, zipigwe muhuri wa kupokelewa. Notisi ikikosekana, bima hukwepa kulipa hukumu na mnabaki na mwenye lori peke yake. Kuhusu mahakama, hakimu mkuu mwisho wake ni shilingi milioni 20. Hesabu ikizidi hapo iende Mahakama Kuu. Miaka kumi ni vitisho, ila miwili mitatu mjiandae nayo.

Katikati ya hapo mtaishi vipi? Nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mnayodaiwa muombe kupunguziwa au kulipa kidogo kidogo. Mumeo apimwe ulemavu kwenye hospitali ya serikali asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kupitia kwao kuna maombi ya vifaa. Na mazungumzo na bima yanaweza kuendelea kupitia wakili. Wakipanda hadi karibu na milioni 3 kwa niaba ya bima peke yake, hati ikiacha wazi madai dhidi ya mwenye lori, hapo ndipo pa kukaa na kufikiri.

Pesa zikitoka, kwa kawaida hupitia kwa wakili. Mwambieni tangu mwanzo kwa maandishi kwamba mumeo atapewa nakala ya kila barua ya bima na ya hundi yenyewe, na kwamba salio litaingia kwenye akaunti ya benki yenye jina lake. Wakili akikaa na pesa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na mkibishania ada msajili wa mahakama ndiye anayeitathmini bili.